Maswali ya Saa ya Kulala

Sikitu hakupiga hodi. Aliingia na mabuti yake ya kiwandani, akapita katikati ya watoto waliokuwa wakinywa uji, akasimama mbele ya Mwalimu Tumpe huku akimburuta binti yake Tuntu kwa mkono.

"Umemwambia nani kuhusu baba yangu?"

Tumpe alikuwa ameshika birika. Aliliweka mezani taratibu. "Baba yako yupi, Mama Tuntu? Mimi baba yako simjui hata kwa sura."

"Usinifanye mjinga. Asubuhi hii wamekuja watu wa Idara ya Ukaazi. Hawakupekua chumba hata kimoja. Wamekwenda moja kwa moja stoo ya viazi, wamesogeza magunia, wamemtoa mzee wa watu na blanketi lake mabegani. Moja kwa moja, Mwalimu! Kama vile mtu amewachorea ramani. Mimi sikusema. Mume wangu hakusema. Majirani hawajui. Amebaki Tuntu, na Tuntu anashinda kwako!"

Watoto waliacha kunywa uji. Mlezi msaidizi akaanza kuwatoa nje kimya kimya, mmoja mmoja.

Katika mji wa Isimba, juu kabisa kwenye nyanda za baridi, kila kaya ilikuwa na kibali chenye hesabu ya watu wake. Tangu ziwa lilipozimeza wilaya za bondeni, serikali ilikuwa ikipandisha watu kwa mafungu. Vijana wenye kazi walitangulia. Wazee walibaki kambini kusubiri zamu, na zamu za wazee zilikuwa hazifiki. Sikitu alichoka kusubiri. Alimpandisha baba yake, Mzee Gwakisa, kwenye lori la viazi, akamtandikia stoo. Mzee aliishi humo msimu mzima wa mvua, akitoka kuota jua nyuma ya nyumba kukiwa hakuna mtu njiani.

Tumpe hakuyajua hayo mpaka asubuhi ile. Kusingiziwa kulimchoma, na alikuwa amefungua mdomo kujibu kwa ukali, lakini Tuntu akawahi.

"Mama, si nilikwambia wewe tu?"

Sikitu akainama. "Uliniambia nini?"

"Uliniuliza babu analala wapi. Nikakwambia kwenye viazi."

"Nilikuuliza? Lini?"

"Wakati wa kulala." Tuntu alinyoosha kidole kuelekea chumba cha ndani, mahali ambapo mikeka midogo ilikuwa imepangwa, na juu ya kila mkeka mto mweupe wenye alama ya Mamlaka ya Malezi. "Pale."

Sikitu alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Tumpe. Hasira usoni pake haikuondoka, ila ilipoteza njia.

"Nakwenda kambini kumtafuta baba," alisema hatimaye. "Sina pengine pa kumwacha huyu. Lakini ukijua kitu, Mwalimu, uniambie. Naomba uniambie."

*

Hakuna kituo kilichopata leseni bila mito ile. Mzazi alipomwandikisha mtoto, alipelekwa kwenye kibanda kidogo katika ofisi za Mamlaka, akasoma hadithi fupi kwa sauti. Kutokana na usomaji ule, mto ulijifunza kusema neno lolote kwa sauti yake, kuanzia namna anavyovuta pumzi mpaka anavyocheka. Waliambiwa ni kwa ajili ya utulivu na ustawi wa mtoto. Wazazi walitia kidole gumba wakaondoka wakitabasamu.

Na kwa kweli watoto walitulia. Tumpe aliikumbuka miaka ya kabla ya mito, saa ya kulala ilipokuwa vilio mtindo mmoja, walezi wakibeba watoto wawili wawili mgongoni na kifuani. Sasa kila mmoja alijilaza, akafumba macho, akamsikiliza mama yake au baba yake mpaka usingizi ukamchukua. Tumpe aliipenda mito ile. Wageni wakija kukagua kituo, alianza kwa kuwaonyesha chumba cha kulala.

Alichokuwa hajapata kusikia ni mto unasema nini. Sauti yake haikupita hewani. Ilipita kwenye mfupa nyuma ya sikio, ikamfikia mtoto peke yake. Mtu mwingine akiulalia mto usio wake, mto uliligundua joto la kichwa kigeni ukanyamaza.

Mchana ule, watoto walipolala, Tumpe alivua viatu akajinyoosha sakafuni kando ya Tuntu. Hakuugusa mto. Alisogeza paji lake la uso likagusana na kichwa cha mtoto, mfupa kwa mfupa.

Mwanzoni alisikia pumzi tu. Kisha Sikitu akaanza kuimba. Alikuwa Sikitu mwenyewe, na ule ukwaruzo wa koo wanaoupata watu wa kiwanda cha chai. Aliimba wimbo wa kubembeleza, akasema, "Tuntu wa mama, umeshiba leo?"

"Mmh," Tuntu aliguna usingizini.

"Vizuri. Baba alirudi jana?"

"Alirudi."

"Babu alipoondoka, nililia sana?"

"Ulilia."

"Halafu nikampigia simu nani? Unakumbuka? Mwambie mama."

"Mjo..."

Tumpe akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

Alifanya hivyo kabla hajafikiri. Alimwinua Tuntu, akambeba kifuani, na katika chumba kile kimya akawatazama watoto wengine wote waliokuwa wamelala. Midomo yao ilikuwa ikichezacheza. Miaka yote alidhani wanaota.

*

Bwana Mtweve, afisa wa leseni wa Mamlaka, alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha Tumpe kiti, akamuagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Ndiyo. Mito inauliza."

Tumpe alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakujiandaa kwa kukiri.

"Lakini niseme jambo moja, Mwalimu, maana naona umetaharuki. Hakuna binadamu anayesikiliza. Mto unauliza, mtambo unachuja, na idara husika inapelekewa jibu lile inalolihitaji tu. Idara ya Ukaazi haijui mama yule analia au anacheka. Inajua stoo. Mimi mwenyewe nikitaka kusikia, siwezi. Taarifa za familia katika nchi hii zinalindwa kuliko dhahabu."

"Zinalindwa na nani asizipate?"

"Watu wasiohusika."

"Na mama mwenye sauti yake?"

"Kwa mujibu wa sheria, taarifa aliyoitoa mtoto ni ya mtoto, na msimamizi wake ni Mamlaka."

Tumpe alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha. "Bwana Mtweve, mmechukua koo la mama mkalivaa. Mtoto amejibu kwa sababu aliyemuuliza ni mama yake. Angeulizwa na wewe, angekujibu?"

"Asingenijibu. Ndiyo maana siulizi mimi." Aliusogeza ukurasa kwenye meza yake ya kioo, akaonyesha picha ya msichana mdogo. "Unamjua Subilaga wa kituo chako?"

Tumpe alimjua; alijua pia kwamba amehamia kwa bibi yake, ila hakuwahi kuambiwa kwa nini. Alikuwa mtoto mchangamfu, aliyeshika nyimbo upesi.

"Mama yake wa kambo alikuwa akimchoma kwa kijiko cha moto, nyayoni, pasipoonekana. Ulikuwa unamvua soksi?"

"Kuna baridi. Watoto hulala na soksi."

"Sikulaumu. Hukuona. Baba hakuona. Bibi yake hakuona. Mto ulimuuliza kwa sauti ya baba, akajibu. Leo anaishi kwa bibi yake na anatembea vizuri. Na si yeye peke yake. Haya, niambie, nikiizima mito yote kwa sababu ya mzee mmoja aliyejificha kwenye viazi, Subilaga ajaye nimwambie nini?"

Chai ilikuwa ikipoa. Tumpe aliitazama picha ile asiweze kuondoa macho.

"Waambieni wazazi, basi," alisema. "Waambieni kwamba inauliza."

"Wakijua, wataanza kuwafundisha watoto cha kujibu. Haitafaa kitu." Mtweve alisimama, akafungua mlango kwa adabu. "Na wewe usiwaambie. Ulichokisikia kwenye kichwa cha yule mtoto ni taarifa ya familia iliyolindwa. Kuifichua ni kosa la jinai. Utapoteza leseni, na utafungwa."

"Yaani sheria ya kulinda taarifa za familia inanikataza kuiambia familia?"

"Inamkataza kila mtu, Mwalimu. Haina upendeleo."

*

Hakurudi kituoni moja kwa moja. Alipitia kwa Bibi Kalinga, bibi yake Subilaga, akamkuta kibarazani amejifunika kitenge juu ya sweta, anamenya maharage mabichi. Subilaga alikuwa uani, akiruka kamba pekupeku.

Tumpe alimweleza kila kitu. Alipokwisha kusema, alitambua kwamba tayari alikuwa amevunja sheria.

Bibi Kalinga aliendelea kumenya. "Ule mto umeniokolea mjukuu," alisema. "Nakuomba usiuguse, mwanangu. Mimi nilikuwa nakuja kumwona kila Jumapili, nampakata, nampa karanga, na nyayo zimeungua humo ndani ya viatu. Mimi, bibi yake! Sikuuliza."

"Najua, Bibi. Hata mimi sikuuliza."

"Basi acha uulize huo mto."

Uani, kamba ilipiga chini, ikapiga tena.

"Bibi, wangekuja hapa kibarazani wakakwambia: tunataka kumuuliza mjukuu wako habari za kwenu, kwa sauti ya baba yake, ungekubali?"

"Ningekubali. Mchana kweupe, mbele ya watu." Mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo. Alifikiri, na sura yake ikaanza kubadilika, ikakunjamana polepole kama mtu aliyegundua amedanganywa bei. "Ila hawakuja. Mbona hawakuja kuniuliza? Walidhani mimi sina akili ya kukubali?"

Aliusukuma ungo pembeni.

"Na tangu ahamie kwangu, nikasoma ile hadithi kibandani, mto unamuuliza kwa sauti yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa namwambiaga nini huyu mtoto?" Bibi Kalinga aliuliza kwa ukali, na ukali ule haukuwa wa kumlenga Tumpe. "Namwambiaga nini, eti? Nani ananiambia?"

*

Siku iliyofuata Tumpe aliwaita wazazi wote saa ya kulala. Walikuja jinsi walivyo, wa kiwandani na mabuti, wa sokoni na aproni, dereva mmoja na kofia yake. Sikitu alikuwa amerudi kutoka kambini, macho yamevimba. Alikuwa amemwona baba yake kwa mbali tu, ng'ambo ya uzio.

"Sitawaeleza," Tumpe alisema kwa sauti ya chini. "Nikiwaeleza mtasema ni maneno yangu. Kila mmoja alale kando ya mwanawe. Mgusanishe vichwa. Msikilize."

Walitazamana. Kisha Lugano, fundi wa mabomba mwenye mwili mkubwa, baba yake Asifiwe, alipiga magoti akajikunja kwenye mkeka mdogo. Wengine wakafuata. Chumba kikajaa watu wazima wamelala sakafuni, mabuti yakielekea mlangoni, mapaji yao kwenye vichwa vya watoto.

Kwa kitambo hapakuwa na lolote. Mwanamke mmoja alitabasamu; labda alikuwa anaimbiwa na yeye mwenyewe. Halafu lile tabasamu likaganda. Mwingine akasema, "Hapana, hapana, mimi siku..." akajiziba mdomo. Dereva alikaa kitako, akavua kofia, akaitazama kama ya mtu mwingine. Lugano alibaki amelala, ngumi zimekunjwa, mishipa ya shingo imemtoka.

Sikitu hakuvumilia. Mto wa Tuntu ulikuwa umerudia swali lake la jana, kwa utulivu ule ule. "Nilimpigia simu nani? Mwambie mama."

"Usimjibu!" Sikitu alipaza sauti. "Tuntu, usimjibu, huyo si mimi!"

Mtoto alishtuka, akafumbua macho. Sauti ile ile ilikuwa imetoka ndani ya kichwa chake na nje ya kichwa chake. Alimtazama mama yake kwa muda, akamtazama na mto, midomo ikaanza kutetemeka.

"Wewe ndiye yupi?" aliuliza.

Sikitu akatoa mlio ambao Tumpe hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Lugano aliinuka. Aliuchukua mto wa binti yake, akatoka nao nje kwenye mvua, akautupa matopeni na kuukanyaga mpaka ukapasuka. Wazazi wakamfuata, kila mmoja na mto wake. Ndani ya yale matope mito mingine iliendelea kuongea, pengine, lakini hapakuwa na mfupa wa kuipitisha.

Bibi Kalinga peke yake alibaki mlangoni, ameukumbatia mto wa Subilaga.

"Mimi pia nimesikia," alisema, na watu wakamgeukia. "Nimejisikia nikimuuliza mjukuu wangu kama huwa nasali, na nasali nini. Nina hasira kuliko ninyi nyote. Lakini nataka mtu anijibu. Mtoto mwingine akichomwa, nani atamwona?"

Mvua iligonga mabati. Wazazi waliangalia chini.

"Mimi," alisema Tumpe. "Nitawavua soksi. Nikiona kitu, nitakuja kwenu, nitabisha hodi, nitauliza kwa mdomo wangu mwenyewe, mnaniona. Na mnajua tangu leo kwamba nitauliza."

Bibi Kalinga alimpima kwa macho. Kisha akauweka mto chini, nje ya kizingiti.

*

Bwana Mtweve alikuja na askari wawili na kufuli. Alisimama getini akasoma tamko la kufutwa kwa leseni, kwamba Tumpe Mwasaka amekiuka, kwa makusudi, faragha ya familia zote za watoto waliokuwa chini ya uangalizi wake.

"Familia ni sisi!" Sikitu alipiga kelele kutoka kwenye umati. "Tuko hapa! Tuulize kama tumekiukwa!"

Mtweve hakumtazama. Alirudia sentensi ile ile tangu mwanzo, kwa upole ule ule, na hapo ndipo watu walipoanza kurusha matope.

Tumpe alilala mahabusu, akafikishwa mahakamani, akatoka kwa dhamana. Aliyesimama kumdhamini ni Lugano. Kesi ilipoanza kutajwa, habari zilikuwa zimeshafika miji mingine ya nyanda, na huko nako wazazi walikuwa wakiingia vituoni saa ya kulala na kulala kando ya watoto wao. Mamlaka ilitangaza kwamba mito inaboreshwa. Haikusema itaacha kuuliza.

Mzee Gwakisa alibaki kambini. Wakili aliyejitolea alisema ushahidi uliopatikana kwa sauti ya kuiba unaweza kukataliwa. Alisema pia wasitegemee sana. Nyumbani, Tuntu alikuwa hajibu tena maswali ya mama yake. Umeshiba? Kimya. Unasikia baridi? Kimya, na macho yanayochungulia kama kuna mwingine nyuma ya mama. Sikitu alijifunza kuongea naye bila kuuliza. "Nimepika maharage," alikuwa akisema, anaweka sahani, anakaa mbali kidogo, anasubiri. Sikitu aliposimulia hayo, Tumpe alitamani kumkamata Mtweve mabegani, amlete jikoni kwa Sikitu, amkalishe hapo aitazame ile sahani.

Wazazi waliazima ukumbi mtupu wa wakulima wa chai, wakatandika mikeka, wakagawana zamu za kupika. Saa ya kulala ikawa vilio tena. Tumpe alibeba mgongoni na kifuani kama zamani. Na kila siku, baridi au si baridi, aliwavua watoto soksi, akakunja mikono ya masweta, akaangalia.

Wiki moja, Asifiwe alikuja na kifundo cha mkono kimevimba. Juu ya uvimbe palikuwa na alama za vidole, vidole vinene.

"Nani amekushika hapa, mama?" Tumpe alimuuliza.

Asifiwe aliushusha mkono wa sweta. "Nilianguka."

Tumpe alimtazama mtoto yule, na kwa mara ya kwanza tangu kituo kifungwe aliitamani ile sauti. Ingeuliza, ingejibiwa, ingemaliza kazi, na yeye angeendelea kukoroga uji. Hakuna ambaye angemchukia. Lugano ndiye aliyelala sakafuni wa kwanza. Lugano ndiye aliyemtoa mahabusu, na akijitoa kwenye dhamana kesho, yeye Tumpe atarudi huko huko. Na pengine mtoto ameanguka kweli. Pengine baba alimdaka asianguke ngazini, na yeye anakwenda kumvunjia mtu heshima mlangoni kwake, mbele ya mkewe.

Alimwomba Sikitu amshikie zamu. Alijitanda kitenge, akatembea mpaka nyumba za mafundi. Majirani walikuwa wakianua nguo, walimsalimia, akawaitikia. Alibisha hodi kwa nguvu ili asipate nafasi ya kugeuka.

Lugano alifungua. Uso wake ukang'aa. "Mwalimu! Karibu, karibu ndani, tulikuwa tunakutaja."

"Sitaingia kwanza, Lugano." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na alimtazama machoni. "Nimekuja kukuuliza kuhusu mkono wa Asifiwe. Nimeona alama za vidole. Ni vyako?"

Ule mng'ao ukaondoka usoni kwa Lugano. Nyuma yake, ndani, mkewe aliyekuwa akipanga vikombe aliacha kupanga. Lugano aliutazama mkono wake mwenyewe ulioshika mlango, kisha akautoa mlangoni na kuuficha nyuma.

Tumpe hakuondoka kizingitini. Alikuwa ameshauliza, na alisubiri kujibiwa.